Sentensi Moja ya Kukisia

Mimi nina wivu, sifichi. Fabian alipojiunga na darasa langu la Kiingereza pale Nzuguni, nilimkalisha dawati la mbele nimwone vizuri. Ni dalali wa mahindi Kibaigwa, na wanunuzi wa kutoka nje walikuwa wanampita kwa sababu ya lugha. Ni mchumba wangu pia. Jumamosi ile wajomba zake walikuwa walete barua ya posa nyumbani kwetu. Nina miaka thelathini na minne, na mama alikwisha nunua vitenge vya sare.

Kisha akaja Angelina, karani wa wizara, mwenye mwanya na kicheko cha karibu, akakaa pembeni yake. Tangu hapo kila siku kalamu ya mmoja wao ilikuwa imeisha wino.

Wiki hiyo tulikuwa tunajifunza kukisia: jambo la hakika tuliseme vipi, na la huenda tuliseme vipi. Darasa zima lilikuwa na kosa moja. Kwa Kiswahili mtu asipofika kazini tunasema "atakuwa anaumwa." Basi wao waliibeba "atakuwa" hiyo hiyo wakaandika "he will be sick," kana kwamba homa imepangiwa kesho. Semeni "he must be sick," niliwaambia mpaka chaki ikaisha.

Jumatano nikawapa zoezi: kila mmoja amkisie jirani yake kwa sentensi moja, bila kumuuliza. Nikakusanya karatasi. Ya Fabian ilikuwa na maneno manne: "Angelina will be married."

Angelina ataolewa. Mimi, mwalimu, nilisoma hivyo. Damu ikanichemka, nikasahau kwamba kuna watu kumi na wawili mbele yangu.

"Ataolewa na nani?" nikamuuliza kwa Kiswahili.

"Simjui," akasema Fabian.

"Humjui? Na hiyo posa unaipeleka wapi, kwetu au kwao?"

Angelina akainua mkono wa kushoto taratibu. "Madamu, mimi nina mume Singida. Na watoto wawili."

"Nilikisia kwa pete, Edina," Fabian akasema. "Nilimaanisha atakuwa ameolewa. Si ulisema tukisie?"

Ningecheka hapo, mambo yangeisha. Lilikuwa kosa lile lile nililolisahihisha wiki nzima. Lakini niliona haya, na mimi nikiona haya huwa mkali.

"Na macho yako yalikuwa yanatafuta nini kidoleni mwake?"

Fabian hakukasirika, afadhali angekasirika. Akafunga daftari, akatoka. Nikamfuata hadi kibarazani, nikamkuta ameshaweka simu sikioni.

"Shikamoo mjomba. Ile safari ya Jumamosi... hapana, hakuna mgonjwa. Subirini kwanza."

Nilitaka kumuuliza wasubiri mpaka lini. Sikuthubutu, maana niliona usoni kwake kwamba jibu analo.