Marehemu wa Sanjuau

Wapimaji walipofika, Agnela alikuwa amepiga magoti katikati ya maharage, anang'oa. Hakuwa amepanga kuvuna wiki ile. Maganda mengi yalikuwa bado mabichi. Lakini asubuhi alipoliona gari jeupe limesimama kando ya mfereji, na vijana wanashusha saruji na vipande vya nondo, alijifunga kanga kiunoni akaanza kuokoa chochote kilichoweza kuliwa.

"Shemeji, pisha hapo," Philemoni alisema. Alisimama juu ya tuta, viatu visije vikagusa tope. "Hapo inaingia bikoni ya mpaka."

"Nimalizie mstari huu tu."

"Mstari huo nao umeshapimwa."

Kijana mmoja akachimba shimo palepale mbele ya magoti yake. Mashina matatu ya maharage yalitoka na mizizi yake, yakatupwa pembeni. Wakamwaga zege, wakasimika nondo, wakasogea mbele na kamba yao. Agnela aliyaokota yale mashina, akayapukuta udongo, akaendelea na mstari mwingine.

Elihuruma, mume wake, na Philemoni, mdogo wa mume huyo, walikuwa wameondoka kijijini Kikwe pamoja kwenda Msumbiji kwenye machimbo ya rubi, mwaka ambao nyanya zilioza shambani kwa kukosa mnunuzi. Aliyerudi ni Philemoni peke yake, na koti la kaka yake mkononi. Alisema shimo liliporomoka. Alisema mwili haukuweza kusafirishwa, wamezika hukohuko, mahali panaitwa Sanjuau. Mchungaji akaendesha ibada mbele ya koti lililokunjwa juu ya meza. Watu wakala, wakatoa pole, wakaondoka.

Kisha ukoo ulikaa. Agnela alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutoka Kibosho, Mkatoliki, aliyeletwa na ndoa. Walimchagua Philemoni kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikampitisha. "Wewe bado kijana," baba mdogo Abdiel, mkubwa wa ukoo, alimwambia Agnela kwa sauti ya upole kabisa. "Kesho utaolewa kwingine. Shamba haliwezi kukufuata." Hata laini ya simu aliyokuwa akitumia, kwa kuwa ilisajiliwa kwa kidole cha Elihuruma, Philemoni aliifunga. Alisema ndio utaratibu. Laini ya marehemu haitumiki.

Sasa shamba lilikuwa linakatwa viwanja.

Agnela alisimama, maharage yamemjaa kifuani. "Philemoni, sibishani na wewe juu ya shamba. Naomba kitu kimoja. Princess ananiuliza baba yake amelala wapi. Nionyeshe kaburi. Hata picha."

"Kaburi liko Sanjuau. Nikwambie mara ngapi?"

"Sanjuau ni kijiji? Ni mji?"

"Ni Sanjuau," Philemoni alisema, akawageukia wapimaji wake.

Yale maharage aliyauza mjini, Kijenge, mahali alipozoea kupanga ndizi zake kando ya ukuta wa duka la dawa. Mmoja wa wateja wake alikuwa Lerionka, Mmasai mwenye sauti nzito, broka wa madini, aliyewahi kuishi Msumbiji mpaka akajua Kireno cha kubishana bei. Alikuwa akimenya ndizi mbivu, anasubiri apimiwe maharage, Agnela alipomuuliza kama anapafahamu mahali panaitwa Sanjuau.

Lerionka alicheka kwanza. "Sanjuau ipi, dada?"

"Ziko ngapi?"

"Aisee! Sanjuau ni São João, yaani Mtakatifu Yohane tu. Mreno akifika mahali, anatazama kalenda ya kanisa, leo siku ya nani? Basi, mahali panaitwa hivyo. Kule mto una mtakatifu, mtaa una mtakatifu, kiwanda cha mikate kina mtakatifu. Mimi nimepanga chumba mtaa wa São João, na fundi viatu wa pale chini kibao chake kimeandikwa São João. Ng'ambo Brazili ndiyo usiseme, mawe yakitoka huko yameandikwa watakatifu watupu. Ukiniambia mtu kazikwa Sanjuau, hujaniambia kitu." Kisha akauona uso wake, akaacha kutafuna. "Ni nani kazikwa?"

Alimweleza. Lerionka alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza jina kamili la Elihuruma, ana alama gani, aliondoka mwaka gani. Akasema Watanzania wa kule wana kundi lao la simu, atatuma ujumbe. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Lerionka aliporudi, hakuja kununua kitu. Alivuta ndoo akaigeuza. "Dada, kaa kwanza."

Agnela hakukaa.

"Ile Sanjuau si makaburi," Lerionka alisema. "Ni hospitali. Ya masista. Hospitali ya São João." Akabonyeza simu yake, akampa aishike mwenyewe.

"Mama Princess," simu ilisema. "Ni mimi. Ni baba Princess. Niko hai, jamani. Shimo liliniangukia mgongoni, miguu haifanyi kazi, lakini niko hai. Philemoni alinileta hapa, akasema anaenda kutafuta gari la kunirudisha nyumbani. Simu yangu aliondoka nayo. Namba yako nilikuwa naijua kwa kichwa, nimewaomba masista wapige mpaka wamechoka. Wanasema haipo. Nilidhani umeolewa."

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa chini, si kwenye ndoo, na mteja aliyekuwa akichagua ndizi akaziweka taratibu, akaondoka.

Jioni ile ile waliongea wakionana kwenye simu ya Lerionka, picha ikigandaganda. Elihuruma alikuwa amekonda, ndevu zimechanganyika na mvi. Alimuuliza Princess yuko darasa la ngapi. Alimuuliza kama mfereji bado unapitisha maji. Agnela alijibu kwamba unapitisha. Habari ya bikoni hakumpa.

Mtu wa kwanza ambaye Agnela alimwambia alikuwa mama mkwe, bibi Sifaeli. Walikuwa wawili tu jikoni. Bibi Sifaeli alipiga makofi, akalia, akamshukuru Mungu kwa Kimeru na kwa Kiswahili, akamkumbatia Agnela jinsi ambavyo hakuwahi kumkumbatia tangu aolewe. Halafu akajifuta uso. "Anatembea?"

"Hapana, mama. Miguu imekufa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Bibi Sifaeli akasogeza kuni mekoni. "Na atalishwa na nani?"

"Na mimi, mama."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa polepole, akasema vizuri, vizuri mwanangu, na Agnela akarudi nyumbani akiwa na uhakika kwamba mambo yamekwisha.

Kwenye ofisi ya kuandikisha vifo alipokewa na afisa aliyeitwa Evelyn, mwanamke wa rika lake. Hakuwa mkali. Alimpa kiti.

"Mfumo unasema amefariki," Evelyn alisema.

"Umekosea. Nimeongea naye jana."

"Sikatai, mama. Lakini kifo hiki kililetwa hapa kwa barua ya kijiji na muhtasari wa kikao cha ukoo. Ili kifutwe, aje mwenyewe na kitambulisho chake cha taifa."

"Hawezi kutembea. Yuko Msumbiji."

"Ubalozi utampa hati ya dharura."

"Masista walishauliza. Wameambiwa namba yake ya kitambulisho imefungwa, ni ya marehemu."

Evelyn aligusa kibodi, akatazama. "Ni kweli. Itakuwa imefungwa."

"Sasa atakujaje?"

Nyuma ya Agnela foleni ilikohoa. Evelyn alishusha sauti, kama mtu anayetoa msaada wa siri. "Mama, sisi hapa hatufufui watu. Ukoo ndio uliosema amekufa. Ukoo ndio ukae tena, useme hajafa, halafu mahakama isimamishe mirathi. Na uwahi, maana kiwanja kikishauzwa na mnunuzi akajenga, hiyo ni kesi nyingine."

Basi Agnela akaomba kikao. Baba mdogo Abdiel hakukataa. Aliita wazee nyumbani kwa bibi Sifaeli, kwenye nyumba mpya ya vigae ambayo Philemoni alimjengea mama yake. Philemoni huyohuyo ndiye aliyempeleka kutibiwa macho, na ndiye aliyekuwa akimnunulia dawa za sukari. Lerionka alimleta Agnela kwa pikipiki, akataka kuingia awe shahidi.

"Hiki ni kikao cha ukoo," Abdiel alimwambia mlangoni. "Karibu usubiri nje, bwana."

Lerionka akampa Agnela simu yake. Sebuleni masofa yalikuwa yamejaa wazee na makoti yao ya Jumapili. Bibi Sifaeli alikaa pembeni kabisa, kitenge begani. Philemoni alikuwa ameweka mguu juu ya mguu. Agnela aliweka simu juu ya stuli iliyokuwa katikati, akaongeza sauti, na wote wakasikia inavyoita, halafu inavyopokelewa.

"Shikamoo baba mdogo," ilisema sauti ya Elihuruma. "Shikamooni wazee wangu. Mama, shikamoo."

Hakuna aliyeitika marahaba. Midomo ya bibi Sifaeli ilifunguka, sauti ikaanza kutoka, "Mara..." Ikaishia hapo.

"Wewe unayeongea ni nani?" Abdiel aliuliza.

"Ni mimi, baba mdogo. Elihuruma. Wewe ndiye uliyenisimamia kipaimara. Ulinipa viatu vyako kwa sababu vyangu vilikuwa vimepasuka. Vilikuwa vikubwa, nikaweka magazeti."

Mzee mmoja alicheka kidogo, akajikohoza.

"Hayo mkewe anayajua," Abdiel alisema. "Mtu anaweza kufundishwa."

"Wazee wangu," Philemoni akasema, bila kuitazama simu, "siku hizi sauti inatengenezwa kwa kompyuta. Unampa mtu sauti ya dakika moja tu, anakuletea hotuba nzima. Na huyo broka pale nje ni nani wake? Mwulizeni shemeji. Mjane akishapata mwanamume wa kumpa akili, haya ndiyo yanayotokea."

"Philemoni?" simu ilisema. "Mdogo wangu, uko hapo? Ulisema unaenda kutafuta gari."

Philemoni alitazama dari.

Agnela alisimama. Sauti yake ilitoka sawasawa. "Baba mdogo, sitaki mniamini mimi. Wala msiamini simu. Mama yake huyu hapa. Nilimwambia, akalia mbele yangu, akamshukuru Mungu. Mama, sema. Wewe ndiye uliyemzaa. Ni yeye au si yeye?"

Watu wote waligeuka. Bibi Sifaeli alikuwa akikunja pindo la kitenge chake, analikunjua, analikunja tena. Alimtazama Philemoni. Philemoni hakumtisha kwa lolote. Alimtabasamia tu, kama mtoto anayemtazama mama yake, akainuka akamsogezea mto wa sofa nyuma ya mgongo.

"Mimi mtoto wangu nilishamlilia," bibi Sifaeli alisema. "Wageni walikuja, tukawapikia. Nimelia mara moja, siwezi kulia tena." Agnela alimwona akiitazama simu, kwa yale macho yaliyotibiwa, na akajua kwamba mama amemtambua mwanawe. "Mwanangu Elihuruma alikuwa anatembea. Huyo simjui."

"Mama!" Agnela alisema.

"Simjui," bibi Sifaeli akarudia, sasa kwa hasira.

"Mama amesemaje?" simu iliuliza. "Halo? Sauti inakatikakatika huku. Mama Princess, amesemaje?"

Abdiel alimgeukia mjumbe aliyekuwa akiandika. "Andika hivi. Ukoo umemsikiliza mjane kwa upendo. Ukoo umejiridhisha kwamba ndugu yetu ni marehemu. Mirathi iendelee." Kisha akamtazama Agnela bila chuki, kama mtu aliyemaliza kazi ngumu. "Mwanangu, majonzi yanaumiza kichwa. Tunakuombea. Tusimame."

Wazee walisimama, wakavua kofia. Agnela peke yake alibaki hajui kama amesimama au amekaa.

"Baba wa mbinguni," Abdiel alianza, "tunakushukuru kwa kikao cha amani. Tunaiweka mikononi mwako familia ya ndugu yetu marehemu Elihuruma. Umfute machozi mjane wake. Mama yake umtie nguvu. Mtoto aliyemwacha umlee wewe mwenyewe. Viwanja hivi viwe baraka, wala visiwe ugomvi. Ni katika jina la Yesu tumeomba."

"Amina," sebule nzima iliitika.

Na kutoka kwenye stuli, nyembamba, yenye mikwaruzo, imechelewa kidogo njiani, ikaja sauti nyingine:

"Amina."

Hakuna aliyetazama chini. Msichana wa kazi aliingia na beseni na jagi la maji ya uvuguvugu, akaanzia kwa baba mdogo Abdiel, na wazee wakaanza kunawa mikono.