Siku Tano za Bi Odell

Tulimchagua Lavonne Kubicek kuwa hakimu kwa sababu aliendesha basi la shule miaka ishirini, na nusu ya wapiga kura aliwahi kuwafokea wakiwa watoto. Sheria hakuisomea, kwetu Texas hakimu mdogo wa kaunti halazimiki. Kiti alikikalia Januari. Mafunzo yalikuwa Aprili.

"Delbert," aliniambia asubuhi ya kwanza, "nikikosea uninong'oneze."

"Mheshimiwa, mimi askari wa mlangoni tu. Basi ulijifunzia barabarani, na hiki kiti utajifunzia hapo hapo."

Karani akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi dunia ilinifunza kwa makofi. Sikuona kwa nini yeye abembelezwe.

Wiki ya pili ikaja kesi ya Bi Odell Prather, mjane wa miaka themanini na moja. Mwenye nyumba alitaka ahame kwa sababu ya mbwa wake. Desturi yetu, aliyeshtakiwa asipoonekana, askari hutoka koridoni akaita jina mara tatu kabla ya hukumu. Ila hakimu ndiye huagiza. Lavonne alitazama benchi tupu, kisha akanitazama mimi. Nikatazama viatu vyangu, nimebana kicheko. Akasaini hukumu ya kumhamisha.

Saa sita mchana nikamkuta Bi Odell koridoni, kofia ya kanisani kichwani, picha ya mbwa mapajani.

"Bado hawajaniita, mwanangu? Masikio yangu mabovu, nimekaa hapa karibu na mlango makusudi."

Nilimwingiza kwa hakimu. Lavonne alishika meza kwa mikono miwili.

"Nimeshasaini. Inafutika hii, Delbert?"

Inafutika, ndani ya siku tano. Niliwahi kuona ikifutwa. Lakini karani alikuwa ananitazama, anangoja mzaha.

"Mimi wa mlangoni tu, Mheshimiwa."

Bi Odell alitolewa nyumbani, akahamia kwa mpwa wake mjini Amarillo, kwenye fleti isiyotaka wanyama. Mbwa akachukuliwa na gari la kaunti la kukusanya mbwa wasio na mwenyewe. Machi ikaja barua ya Bi Odell: kumbe siku ile hakutusikia, anauliza kesi yake itaitwa lini.

Aprili Lavonne alirudi kutoka mafunzoni na daftari nene. Akalifungua mbele yangu, kidole kwenye ukurasa wa siku tano.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Hakufoka. Laiti angefoka kama zamani ndani ya basi. Alitoa ile barua mezani, akanisogezea.

"Mjibu wewe."

Ninayo mfukoni mpaka leo. Nimeshaandika "Mpendwa Bi Odell". Hapo ndipo ninapoishia.