Nahodha Atolewa Dakika ya Themanini

Kwa miaka kumi na nne Ghislain Delattre alikuwa beki wa kati, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuisifia miguu yake. Walisifia kichwa. Mpira wa juu ukielekezwa langoni kwake, mashabiki wa Brévelle waliendelea kutafuna chipsi zao bila wasiwasi, maana walijua Delattre ataufagia. Alipostaafu akiwa na miaka thelathini na mitatu, aliwaambia waandishi wa habari kwamba ni goti. Mkewe Solenne peke yake ndiye aliyejua kwamba goti lilikuwa zima kabisa.

Baada ya hapo akawa kocha. Alifundisha vijana, akawa msaidizi kwa miaka sita, akafukuzwa kazi katika miji miwili ambako hata vyombo vyake havikuwahi kutoka kwenye maboksi. Hatimaye Brévelle wakamrudisha nyumbani, timu ikiwa hoi, na sasa ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya msimu. Wakishinda, wanabaki. Sare au kufungwa, wanashuka daraja.

Hadi dakika ya sabini na nane walikuwa wakiongoza bao moja kwa bila.

Wageni wakapata kona. Jordy Massamba, nahodha na beki wa kati, akaruka pamoja na fowadi wao, vichwa vikagongana. Mlio wa kugongana ulisikika mpaka kwenye benchi. Jordy alianguka, lakini kabla watu hawajamaliza kuguna alikuwa ameshainuka, anapiga makofi kuwahimiza wenzake. Daktari wa timu, Maryvonne Thellier, alikimbia uwanjani, akamuuliza hili na lile, akamwangalia macho, kisha akageuka na kuinua dole gumba. Uwanja mzima ukashangilia.

Ghislain hakushangilia. Alimwona Jordy akitembea mpaka kwa kipa, akimwinamia na kumuuliza jambo. Kipa alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Jordy!" Ghislain aliita kutoka ukingoni mwa uwanja. "Ngapi ngapi?"

"Tunaongoza, kocha!"

"Ngapi?"

Jordy akainua macho kuelekea ubao wa matokeo, kisha akamgeukia kwa tabasamu. "Moja bila!"

"Umesikia? Kajibu sawasawa," alisema Fabrice Quennehen, kocha msaidizi, mtu aliyetafuna kucha tangu kipindi cha kwanza.

"Kasoma ubao."

"Kocha, nakusihi. Zimebaki dakika kumi. Tukimtoa huyu tunamweka nani? Bastien? Bastien hajawahi kucheza beki hata kwenye mazoezi!"

Hilo lilikuwa kweli. Beki wa akiba alikuwa na adhabu ya kadi nyekundu. Bastien Hourdeau alikuwa kiungo, mwepesi, mfupi, asiyependa mipira ya juu.

Ghislain alitazama uwanjani lakini hakuuona mchezo. Alikuwa akiiona mechi yake mwenyewe ya mwisho. Aligongwa hivyo hivyo, akainuka hivyo hivyo, akacheza nusu saa nzima ambayo haikumbuki mpaka leo. Watu walimbeba mabegani. Ameitazama mara nyingi kwenye mkanda wa video: mtu anacheka, amevaa jezi yake, na yeye hamjui. Wiki tatu baadaye alikwenda kumchukua binti yake shuleni. Mtoto akaja mbio, kanyoosha mikono, na baba yake alisimama pale akilitafuta jina la mwanawe asilipate.

"Bastien," alisema. "Vua koti."

Fabrice akashika kichwa. Kwenye jukwaa la nyuma yao, Bwana Wattrelot, mwenyekiti wa klabu, aliona namba iliyowekwa kwenye kibao cha kubadilisha wachezaji, akashuka ngazi mbili mbili mpaka kwenye uzio.

"Delattre! Umerukwa na akili? Ukimtoa huyo, Jumatatu usihangaike kuja!"

Ghislain hakugeuka. Kibao kikainuliwa. Namba nne nyekundu, ya Jordy. Miluzi ikaanza upande wa mashariki, ikazunguka uwanja wote.

Jordy aliangalia kibao, akatikisa kidole. "Sitoki!"

Ghislain akaingia uwanjani. Refa akamfuata na kadi ya njano mkononi, naye akaipokea kama mtu anayepokea salamu, bila kusimama.

"Twende, Jordy."

"Nitoe wiki ijayo! Nitoe mwakani! Leo hapana, kocha. Unawaona watu hawa?"

"Ulimuuliza nini kipa?"

Sauti ya Jordy ikashuka.

"Nilimuuliza tunashambulia lango gani." Kisha akamshika kocha wake mkono kwa nguvu. "Lakini kuruka naweza. Kuruka siwezi kusahau, mzee."

"Najua. Hata mimi niliruka."

Jordy alimtazama kwa chuki ambayo Ghislain hakuwahi kutazamwa nayo na mchezaji yeyote. Alivua kitambaa cha unahodha, akamtupia kifuani, akatoka. Maryvonne alimpokea mstarini. Kabla hawajafika mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, Jordy alishika ukuta, akatapika.

Dakika kumi zilizobaki Ghislain alisimama wima ukingoni mwa uwanja. Bastien alipambana. Alizuia krosi moja kwa tumbo, nyingine kwa paja. Dakika ya tatu ya nyongeza, kona. Mpira ulikuja juu, taratibu, pale pale Jordy angekuwa amesimama. Bastien aliruka kwa kuchelewa. Moja moja.

Brévelle wakashuka daraja.

Jioni hiyo, watu wakiwa bado wanaimba matusi nje ya geti, Maryvonne alipiga simu kutoka hospitali. Damu ilikuwa inavuja ndani ya fuvu la Jordy. Walikuwa wameshaanza kumpasua.

"Na kama angeupiga kichwa mpira mwingine?" Ghislain aliuliza.

"Usiniulize hilo," alisema Maryvonne, na alikuwa analia. "Mimi ndiye niliyeinua kidole."

Jumatatu barua ya kufukuzwa ilikuwa mezani kabla yeye hajafika. Mwuza magazeti hakumjibu salamu. Alhamisi alikwenda hospitali. Jordy alikuwa kitandani, kichwa kimenyolewa upande mmoja, bakuli la supu ya mboga ya liki mbele yake limepoa.

"Ningeutoa ule mpira," alisema Jordy bila kumwangalia.

"Ungeutoa."

"Bastien kachelewa kuruka."

"Kachelewa."

"Wanasema sitacheza tena. Miaka kumi na sita, kocha, na mechi yangu ya mwisho umenitoa wewe."

Ghislain alisimama na kofia mkononi. Alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga tangu nyumbani, yote yakampotea. Alifikiri kuaga.

"Nimemsamehe Bastien," alisema Jordy. "Wewe bado."

"Sawa."

"Usiseme sawa, unaniudhi. Na kaa basi, unanizibia dirisha."

Ghislain akavuta kiti, akakaa. Alikaa pale mpaka nesi alipokuja kuwaambia kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha.