Jina la Baba kwa Kiingereza

Mwaka wa pili wa vita nilikuwa na wanafunzi kumi wa Kiingereza, na tisa kati yao walikuwa wajinga kwa makusudi. Hakuna kazi inayochosha kama kumfundisha mtu anayejua halafu anaficha. Ukimwuliza Koikai ng'ombe anaitwaje kwa Kiingereza, anakuna kichwa, anatazama paa, kisha anakujibu kwamba ni mbuzi. Juzi yake tu nilimsikia mtoni akimtukana punda wa baba yake kwa Kiingereza, tena kwa sentensi nzima. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye, ningejibu kuku.

Utauliza Kiingereza kilitoka wapi wakati bendera ya Mjerumani ilikuwa inapepea juu ya boma la Arusha na Mwingereza ndiye adui. Kilitoka kwangu mimi, Elinaza, mwalimu wa misheni huku mlimani. Nililelewa Taveta kwa Waingereza tangu utotoni, na siri hiyo haikukaa. Askari waliokuwa wakivuka mpaka kutoka Longido walirudi na barua za adui, na kule bomani hakukuwa na wa kuzisoma sawasawa. Bwana Luteni, Mjerumani wa boma lile, akaniita. Akaniambia nichague: nifuatane na askari porini niwe mkalimani wao, au nimtengenezee wakalimani.

Nikakohoa. Kifua changu ni kibovu kweli, lakini siku ile nilikohoa kuliko kifua kilivyotaka. Nikamwambia mwalimu ni kama mtamba, ukimchinja unakula siku moja, ukimwacha atazaa. Bwana Luteni akacheka, neno likampendeza. Akaamuru vijana kumi na mmoja wa darasa la juu wasome Kiingereza, naye atakuwa anakuja kuwapima na kumchukua anayeshinda wenzake.

Wa kwanza kushinda alikuwa Solomoni, kijana wa Usa River. Aliondoka amevaa viatu vipya, anatucheka sisi tuliobaki. Kikosi chake kilitumwa kwenda kuharibu reli ya Waingereza, kikapotea porini bila maji. Waliondoka kumi na mmoja, wakarudi wawili, na Solomoni hakuwa mmoja wao. Kuanzia wiki ile darasa langu likashikwa na ujinga kama ugonjwa wa kuambukiza.

Asiyeambukizwa alikuwa mmoja tu, Lengai wa Engutoto. Kitabu chetu kilikuwa kimoja, kimeliwa na mchwa pembeni, cha hadithi na mashairi ya watoto wa Kiingereza. Lengai alikisoma kana kwamba kina chakula ndani. Kulikuwa na shairi la mchungaji aliyelala chini ya mti akisifu maua na anga. Niliwaambia wanafunzi waeleze shairi linasema nini. Tisa wakasema hawajui. Lengai akasimama akasema, kwa Kiingereza, kwamba mchungaji huyu anastahili fimbo, maana mistari ishirini imepita na hajageuka hata mara moja kutazama kondoo wako wapi. Tena akasema anashuku aliyetunga hajawahi kuchunga. Mimi nilikuwa nimelisoma shairi lile tangu Taveta, miaka ishirini, na jambo hilo halijawahi kunipitia akilini. Nilifurahi, halafu furaha ikaniogopesha, nikamwambia akae.

Mama yake, Nashilu, alikuja shuleni wiki ya mwisho ya masika, miguu imejaa tope. Alikuwa mjane. Mwanawe mkubwa alichukuliwa upagazi mwanzo wa vita, na habari zake ziliishia njiani. Alikuwa amesikia kwamba Bwana Luteni anakuja Jumatatu. Hakulia wala hakunisihi sana. Alisema Lengai ndiye mkono wake uliobaki, akaniomba nimfanye ashindwe, maana mwalimu anayeweza kumfanya mtoto ajue anaweza pia kumfanya asijue. Nikamwambia nitajitahidi.

Nikamwita Lengai pembeni. Akainamisha kichwa nimguse utosini, kama watoto wa Waarusha wanavyomwamkia mkubwa, nami nikamgusa. Nikamwambia Jumatatu ajikwae. Ajikwae mara mbili tu, inatosha.

"Mwalimu, ukiniuliza nitajibu," akasema. "Nimejaribu nyumbani peke yangu. Jibu linatoka lenyewe."

Nilimkasirikia. Nilitaka kumpiga kofi, kusema kweli, kwa sababu alikuwa ananiongezea kazi. Siku mbili nilizunguka migombani nikitafuta swali ambalo kijana huyu hawezi kulijibu, na Kiingereza hakikuwa nalo. Jumapili, katikati ya ibada, likanijia. Mwarusha hataji jina la baba yake. Baba akiwa hai ni utovu wa adabu. Akiwa amekufa ni zaidi ya hapo, jina linafukiwa pamoja naye, na nyumba nzima inalizunguka kama watu wanavyozunguka shimo. Baba yake Lengai alikuwa amekufa miaka saba. Nami Mchaga niliyelelewa ugenini nilikuwa nimekaa nao miaka ya kutosha kujua kwamba mtoto yule angekubali kukatwa ulimi kuliko kulitamka. Nikamshukuru Mungu palepale kwenye benchi. Nilijiona mwerevu sana.

Jumatatu Bwana Luteni akafika na askari wawili, akaketi kwenye kiti changu. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha kumtambua anayekijua. Wale tisa walifanya kazi yao vizuri ajabu. Koikai alisahau hata jina lake mwenyewe. Uso wa mzungu ukaanza kuwa mwekundu. Kisha nikamwita Lengai, na kabla mgeni hajafungua mdomo nikauliza, kwa Kiingereza, polepole, jina la baba yako ni nani?

Lengai akanitazama. Nafikiri alielewa mara moja mtego ni wa nini na nimemtegea nani. Akanyamaza. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye majani ya paa, na mimi moyoni nilikuwa nahesabu, bado kidogo, bado kidogo, imekwisha.

Bwana Luteni hakuniangalia kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Alisimama akafuta tope kwenye kiatu chake, akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie:

"Miezi minane. Huyu ndiye bora wao, na hajui baba yake anaitwa nani. Basi mtamba wako ni tasa, mwalimu. Kesho utakwenda wewe, na kikohozi chako."

Hapo ndipo ilikuwa zamu yangu. Wanafunzi kumi wananitazama. Maneno yalikuwa mawili tu, ndiyo bwana, nami nayajua kwa Kijerumani, kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa Kichaga. Sikuyapata katika lugha yoyote. Nilikohoa.

Lengai akalitaja. Alilitaja kwa sentensi kamili, kama nilivyowafundisha, jina la baba yangu ni fulani. Jina lenyewe sitaliandika hapa, maana angalau hilo naweza kulifanya. Koikai akaziba masikio kwa mikono miwili. Wengine wakainama. Lengai akaendelea bila kukosea, akaeleza kwamba baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, kwamba alikufa kwa homa, kwamba yeye Lengai anajua kusoma barua na kuandika barua, na mwalimu wake ni mwalimu mzuri.

Bwana Luteni akampiga begani akasema huyu anafaa. Akampa hadi kesho yake mchana kuagana na mama yake.

Usiku ule sikulala, lakini hilo si jambo la kusimulia. Wasiolala katika nchi hii walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa na haki kuliko mimi. Asubuhi Nashilu akaja na mwanawe. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilitaka kumweleza swali lile lilikuwa na nia gani, jinsi nilivyohangaika siku mbili, na kifua changu. Akaninyamazisha kwa mkono. Wanafunzi walikuwa wamemwambia yote.

Akasema mtoto aliyelitaja jina lile hawezi kusafiri hivyo hivyo. Lazima abarikiwe kwanza na mtu aliye mahali pa baba yake, amtemee mate kichwani na kumwombea njia. Baba zake wadogo walikataa. Walisema hawamjui.

"Amelitaja ili wewe ubaki," Nashilu akasema. "Basi leo baba yake ni wewe. Mtemee."

Misheni ilikataza jambo hilo, nami mwenyewe nilikuwa nimewachapa watoto kwa ajili yake. Sikufikiria misheni hata kidogo. Lengai akapiga hatua moja mbele akainamisha kichwa, na shingo yake ilikuwa nyembamba, ya mtoto. Nikamwekea mkono. Nikatafuta mate. Nikasukuma ulimi huku na huku, nikameza hewa, nikajaribu tena, na kinywa changu kilikuwa kikavu kabisa. Nikasema maneno ya baraka kwa lugha yao, Kimaa changu kibovu, nikapuliza pumzi juu ya nywele zake nikitumaini mama hataona.

Aliona. Alingoja bado, labda muda wa watu ishirini kupita njiani, ameshika ncha ya shuka ya mwanawe. Kisha akamfunika kichwa kwa ile shuka, kana kwamba tayari kimelowa mate, wakateremka kuelekea bomani.