Meli Iliyochorwa Ardhini

Meli ile ilikuwa ya rangi tu. Ilichorwa kwa mistari myeupe juu ya lami, katika njia fupi ya ndege ya kambi ya jeshi la maji karibu na Bahía Blanca, ikapewa urefu na upana ule ule wa sitaha ya meli ya kweli. Meli ya kweli, iliyokuwa ikibeba ndege zamani, ilikwisha kuvutwa hadi nchi ya mbali ikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Meli ilipoondoka, marubani hawakukoma. Waliendelea kutua juu ya mchoro wake mwaka baada ya mwaka, kana kwamba nje ya mistari ile palikuwa na kilindi cha maji, wala si nyasi zilizolazwa na upepo wa kusini. Watu wa mji jirani wa Punta Alta waliwacheka, wakisema huo ni wazimu wa kulipwa mshahara.

Evaristo Larralde alikuwa mmoja wa waliochekwa. Kazi yake ya maisha ilikuwa uongozaji. Mwongozaji ndiye asimamaye ukingoni mwa sitaha, redio katika mkono mmoja na kitufe katika mkono wa pili, akimtazama rubani ajaye na kumwambia apande, ashuke, au aongeze nguvu. Na ndiye peke yake awezaye kumkataa. Akibonyeza kitufe, taa nyekundu huwaka, na rubani, awe luteni mgeni au mkuu wa kikosi, hana budi kuongeza nguvu zote na kupaa tena. Mahali pale cheo hakisemi neno.

Asubuhi moja ya vuli alipelekwa kambini na shemeji yake Osvaldo, mwuza nyama, ambaye alikuwa amepakia garini mbavu za ng'ombe na kuni za karamu. Osvaldo alikuwa mtu asiyeweza kukaa kimya.

"Shemeji," akasema, akikwepa shimo la barabarani, "mimi ng'ombe wangu akifa, nakubali kafa. Wewe meli yako imekufa tangu binti yangu hajaota meno, na bado unaenda kuipokelea wageni."

"Tazama njia."

"Naitazama. Nauliza tu leo ni matanga au ni harusi, nijue nyama niikate vipi."

Evaristo mwenyewe hakujua. Siku hiyo ndege ya mwisho ya aina ile ya zamani ingeruka kwa mara ya mwisho. Zilikuwa ndege zenye ndoano mkiani, ndoano ya kunasa kamba ya chuma iliyotandazwa sitahani, ili chombo kizito chenye kasi kubwa kisimamishwe kabla hakijatumbukia baharini. Vipuri vyake havikuwa vikitengenezwa tena popote. Mafundi walikuwa wameishi kwa kuchukua moyo wa ndege moja na kuutia katika nyingine, mpaka ikabaki moja tu iwezayo kuruka. Badala yake serikali ilinunua ndege nyingine, nyepesi na za kupendeza, lakini ni ndege za nchi kavu. Hazina ndoano. Jumatatu mchoro ungefunikwa kwa lami mpya.

Katika chumba cha marubani, kibuyu cha mate, chai chungu ya majani inyonywayo kwa mrija, kilipokuwa kikizunguka toka mkono hadi mkono, Evaristo alikuta mabishano. Vijana walidai kwamba zama za meli kubwa zimepita, maana kombora lirushwalo kutoka nyuma ya lori laweza kuifuata meli hadi katikati ya bahari, na hata zile zitakazobaki zitabeba ndege zisizo na mtu, zitakazotua zenyewe kwa hesabu za kompyuta. Mmoja akauliza mbona basi mataifa yenye nguvu bado yanaziunda. Mwingine akamjibu kwamba hata watu wenye nguvu hupenda vitu vya babu zao. Wakacheka, kisha wakamtazama mzee kama watu waliokanyaga kaburi. Evaristo alinyonya kibuyu hadi mrija ukalia mkavu, akakirudisha kwa mmiminaji. Huenda vijana walisema kweli. Lakini yeye alikuwa amesimama juu ya chuma kilichotetemeka chini ya nyayo, akanusa mafuta ya ndege yakichanganyika na harufu ya mkate kutoka jiko la chini, akaona alfajiri ikichomoza upande wa kulia na saa moja baadaye upande wa kushoto kwa sababu nahodha alikuwa akiufuata upepo. Mambo ya namna hiyo hayashindi katika mabishano.

Kilichomsumbua kilikuwa kidogo kuliko hatima ya meli za dunia. Kilikuwa Luteni Luciana Echegoyen, mwanafunzi wake wa mwisho.

Kwa desturi yao, mwongozaji hafanywi na cheti. Hufanywa na mwongozaji mwingine, aliyesimama ubavuni mwake na kumwona akihukumu. Wenye haki hiyo walikwisha kufa, au walihamia ng'ambo kurusha ndege za mizigo, akabaki Evaristo peke yake. Alikuwa amemfundisha Luciana kwa majira mawili ya baridi, naye alikuwa na jicho zuri na sauti isiyopanda. Alipungukiwa na jambo moja. Hajawahi kumkataa mtu. Kila rubani aliyeyumba, Luciana alimnasihi kwa redio hadi akanyooka, na hilo ni jema. Lakini mwongozaji ambaye kidole chake hakijajaribiwa ni kama hakimu aliyesikiliza kesi za kuku tu. Evaristo alikataa kumpitisha. Kama angefuzu, jeshi lingeweza kumpeleka kwenye meli za mataifa mengine yanayokubali wageni, na elimu ile ingeendelea kuishi nyumbani hata nyumba ikose meli. Kama asingefuzu, ingeshuka kaburini pamoja na mzee mwenye magoti mabovu. Na kutua kulikobaki kulikuwa kumoja.

Taabu ilikuwa kwamba kutua huko kila mtu alitaka kuwe kuzuri, na Evaristo alikutaka kuliko wote. Rubani alikuwa Komanda Rubén Goicochea, mkuu wa kikosi, ambaye Evaristo alimpokea sitahani akiwa kijana mwenye chunusi. Jamaa zake walikuwa wamesimama nyuma ya kamba ya uzio. Admirali alikuwapo na kofia yake mkononi, kwa ajili ya upepo. Kamba ya chuma ilitandazwa juu ya lami kama zamani, ili ndoano iinase mara ya mwisho. Mafundi walikuwa wameagiza kwa ukali: mzunguko mmoja, jaribio moja, akikosa, aende moja kwa moja kwenye njia kuu ndefu, kwa sababu injini ile haistahimili jaribio la pili.

Luciana na Evaristo walipanda jukwaani, ukingoni mwa mchoro. Kila mmoja alikuwa na kitufe chake, maana msaidizi huwa na haki ya kukataa pale mkuu asipoona. Kabla ndege haijaonekana, Luciana aliuliza bila kugeuza uso, "Mwalimu, leo ni sherehe au ni kazi?"

"Unaona nini mbele yako?"

"Naona meli."

Evaristo alitamani kumwambia kwamba leo inatosha kuona lami.

Ndege ikatokea upande wa jua, magurudumu chini, ndoano ikining'inia. Mwanzoni ilishuka vizuri mno. Ilikuja kama zilivyokuja zote, pua juu, mabawa yakitikisika kidogo kidogo, na kwa muda mfupi nyasi zikawa maji, na yeye akawa na magoti mazima. Kisha upepo ukalegea. Evaristo aliona mkia ukizama kabla hata rubani hajausikia.

"Nguvu," Luciana akasema redioni, kwa upole. Na tena, "Nguvu."

Nguvu ikaja, lakini kwa kuchelewa. Ndege ikaendelea kuzama. Juu ya lami hapakuwa na hatari hata chembe. Ingegusa ardhi hatua chache kabla ya mstari mweupe, ikakimbia kwa magurudumu hadi kwenye kamba, ndoano ikanasa, watu wakapiga makofi, na hakuna mmoja nyuma ya uzio ambaye angejua. Juu ya meli ingegonga ukuta wa chuma wa nyuma. Evaristo alijua kwamba kidole chake kimelala juu ya kitufe. Akikibonyeza yeye, Luciana ameanguka mtihani. Wasipobonyeza wote wawili, ameanguka pia, ila sherehe imepona. Na kidole chake mwenyewe, kilichokataa watu katika dhoruba, hakikutaka kusogea.

Taa nyekundu zikawaka.

"Ondoka, ondoka," Luciana akasema, kwa sauti ile ile.

Ndege ikanguruma juu ya vichwa vyao, ndoano ikapita juu ya kamba bila kuigusa, ikapaa, ikapinda polepole kuelekea njia kuu. Huko mbali ilitua kama ndege yoyote ya abiria, ikatembea mpaka ikasimama. Nyuma ya uzio ukapita mnong'ono. Sauti ya Osvaldo ilisikika ikimwuliza jirani kama basi imekwisha, au wanaleta nyingine.

Komanda Goicochea aliletwa kwa gari. Mama yake, bibi mfupi mwenye koti la manyoya, alimnyooshea mikono, naye akampita. Hakumpita kwa dharau. Desturi yataka rubani asizungumze na mtu yeyote, hata mzazi wake, kabla hajasikia hukumu kutoka kinywani mwa aliyempokea. Na akiisikia, hajitetei. Akasimama chini ya jukwaa, kofia ya chuma kwapani, mbele ya luteni ambaye mshahara wake hutiwa sahihi na Komanda mwenyewe.

"Mwanzo mzuri," Luciana akamwambia. "Katikati umechelewa kuongeza nguvu. Mwishoni umeshuka chini ya sitaha. Nimekukataa." Midomo yake ilikuwa imepauka, lakini alimtazama machoni.

"Nimesikia, mwongozaji," Komanda akasema.

Ndipo Evaristo akashuka jukwaani, ngazi moja baada ya nyingine, akamwacha Luciana juu peke yake. Marubani wote walielewa maana yake na wakavua kofia. Wageni walidhani mzee amechoka.

Admirali alimfuata, akamwuliza kwa sauti ya chini kama isingewezekana, kwa siku moja kama hii, kulegeza. Evaristo akajibu kwamba ingewezekana kabisa, na kwamba tangu leo jeshi lina mwongozaji; lililobaki ni kumtafutia meli, hata ya kuazima. Admirali akatazama mistari myeupe kwa muda. Alisema ataandika kwa marafiki zake wa kaskazini. Hakuahidi zaidi ya hapo, na Evaristo akamheshimu kwa kutoahidi.

Mama yake Komanda alikuwa amekwisha kufika chini ya jukwaa. "Binti," akasema, "mwanangu kakosa sana, au mmemwonea tu?"

"Kama hapa pangekuwa baharini, mama, sasa hivi ungekuwa unamlilia."

Bibi akamtazama juu hadi chini. "Basi shuka ule. Umekonda kama ufagio."

Walikula kwa kusimama, migongo kwa upepo, mafuta ya mbavu yakiganda vidoleni. Kule njiani askari walikuwa wameanza kuikunja ile kamba ya chuma, safi, haina alama ya ndoano. Komanda akaja na sahani yake akasimama karibu na mwalimu wake wa zamani, wakaitazama pamoja.

"Na wewe, Don Evaristo," akauliza hatimaye, "ungenikataa?"

Mzee alitafuna kwanza, akameza.

"Nilikuwa bado nakutazama ukija," akasema. "Ulikuwa unakuja vizuri sana, Rubén."

Komanda akainamisha kichwa, akamkatia kipande kingine cha nyama.