Samaki Aliyetangulia Kuingia

Asubuhi ya Jumamosi Wangui aliingia sebuleni na kikombe cha chai mkononi, akakanyaga kitu baridi kwenye zulia. Alijua ni nini kabla hata ya kutazama. Ni yule samaki mwembamba, mweupe kichwani na mwekundu mkiani, ambaye kakake alimletea kutoka Kitale wiki mbili zilizopita. Alikuwa ameruka nje ya tangi, amekauka kama omena wa sokoni. Huyo alikuwa wa nne kufa katika miezi mitatu.

"Ngai!" alisema, akaketi kwenye mkono wa kochi. "Sasa haya ni mateso gani?"

Ndani ya tangi muuaji alikuwa anajitembelea, hana habari. Mweusi tii, hazidi kidole gumba, ana doa jeupe kwenye paji la uso na mengine mawili ubavuni, moja kila upande. Alizunguka jiwe kubwa la katikati, akapita chini ya tumbawe, akarudi mlangoni pa shimo lake. Jina lake Wilkista. Na shida yote ilikuwa hapo kwenye jina, kwa sababu Wilkista ni jina la mama mkwe wa Wangui, marehemu, na aliyempa samaki jina hilo ni baba mkwe, Mzee Mukhisa, ambaye dakika hiyo alikuwa chumba cha wageni akifunga tai ili aje kumsalimia samaki wake.

Tuseme ukweli: tangi lenyewe lilinunuliwa kwa ajili ya mzee. Mama Wilkista alipofariki mwaka jana, Mzee Mukhisa alibaki peke yake katika boma la Bumula, akaacha kula. Si kwamba alikataa chakula. Alikiangalia tu mpaka kikapoa. Hesbon, mwanawe, mume wa Wangui, alimwomba mara tatu aje kukaa nao Bungoma mjini. Mara tatu mzee alisema "nitaona," na kila walipomtembelea shati lilikuwa limezidi kumpwaya. Ni Wangui aliyekumbuka kwamba mzee na mkewe waliishi Mombasa miaka ishirini na sita, mzee akiwa karani wa bandari, na kwamba zamani alikuwa akicheka akisimulia walivyotembea maji yakipwa, wakichungulia samaki kwenye vidimbwi vya mawe. Wangui hufanya kazi katika maabara ya shule ya sekondari. Kupima maji si kazi ngeni kwake. Akampigia Kabiru, kakake anayeuza samaki wa mapambo Kitale, akamwambia anataka bahari sebuleni.

"Bahari? Hapo Bungoma?" Kabiru alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Lakini samaki wa chumvi, sista, huchanganyi ovyo ovyo."

Akamtumia orodha, Wangui akaibandika kwenye friji. Wapole kwanza, wakali mwisho. Mmoja wa kukaa mchangani, mmoja wa kwenye mawe, wawili wa maji ya juu, ili wasigombanie mahali. Anayetafuna matumbawe asiletwe. Anayemeza kamba wadogo asiletwe. Wangui alisubiri wiki sita maji yatulie, akapima chumvi ya bahari kwa mizani (Hesbon aliuliza kama ile chumvi ya ng'ombe wao kule Ndalu haitoshi, akajibiwa kwa jicho), akapanga mawe, akapanda matumbawe madogo matatu. Kilichobaki ni samaki wa kwanza, gobi mdogo mpole wa mchangani, aliyekuwa njiani kutoka Kitale.

Siku hiyohiyo mzee akapiga hodi. Amevaa suti na tai, mara ya kwanza tangu mazishi, na ameshika mfuko wa plastiki uliojaa maji. Aliposikia kwa Hesbon habari za tangi, alikuwa amempigia rafiki yake wa zamani huko Mombasa, samaki akatumwa kwa basi, na mzee mwenyewe akaenda kumpokea stejini.

"Tazama hayo madoa," alisema. "Si kile kitambaa chake cha kichwani, kabisa? Huyu ni Wilkista."

Wangui alimtambua samaki mara moja. Kwenye orodha ya Kabiru alikuwa wa mwisho kabisa, amepigiwa mstari mara mbili: damseli wa madoa matatu, akitangulia kuingia, tangi lote analifanya lake. Lakini ungekuwa wewe ungesema nini? Zawadi ya baba mkwe huiweki kwenye ndoo ingoje samaki wengine waje. Tena katika nyumba hiyo mke wa mwana hali meza moja na baba mkwe, hamtazami usoni, na akiwa na neno la kumwambia hulipitisha kwa mumewe. Wangui alimtazama Hesbon, Hesbon akatazama dari, na Wilkista akamiminwa ndani. Jioni hiyo mzee alimaliza sahani nzima ya ugali, na hakurudi tena Bumula.

Basi, kazi ikaanza. Gobi alidumu siku tano, akifukuzwa shimo hadi shimo mpaka mapezi yakamwisha. Wawili wa kijani waliofuata hawakumaliza wiki. Na sasa huyu wa zuliani. Kila mara Wangui alizika maiti chini ya mgomba, na Hesbon akamwambia mzee kwamba maji yalikuwa na kasoro kidogo. Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti chake mbele ya tangi, akafungua gazeti, na kumwelezea Wilkista bei ya mahindi.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Wangui hakumwambia mtu. Kila alipomwona yule samaki akitimua mgeni, aliona mchezo anaoujua. Miaka tisa alienda Bumula kila Krismasi, na miaka tisa hakuwahi kushika mwiko jikoni kwa mama mkwe. "Acha, wewe hujui moto wa kuni." "Acha, ugali wenu wa Kitale ni uji." Wangui, ambaye kwao walilima ekari kumi na mbili za mahindi, akaosha sufuria. Mama huyo hakuwa mtu mbaya. Kanisa zima lilimlilia. Lakini jiko lilikuwa lake.

Jumamosi hiyo Wangui alimpigia Kabiru.

"Si nilikuambia, bana?" Kabiru alisema. "Huyo mtoe. Niletee Kitale, kuna mwenye hoteli ako na tangi ya wakali watupu. Mimi niko na pea moja ya wale wa machungwa wenye mistari nyeupe, wamezoeana kabisa. Nakuletea leo. Lakini wakimkuta ndani, utazika tena."

"Na nikimtoa, mzee arudi Bumula kuangalia chakula kikipoa?"

"Hiyo sasa si maneno ya samaki," Kabiru alisema.

Wangui akamfuata mumewe nje. "Mwambie leo. Ni babako, si wangu." Hesbon alijikohoza, akaingia chumbani kwa mzee, akakaa huko nusu saa. Alipotoka, Wangui alikuwa anamngoja kwenye korido.

"Umemwambia?"

"Tumeongea."

"Kuhusu samaki?"

"Kuhusu mbolea," Hesbon alisema, akachukua funguo za gari. Alikuwa na haraka ya kwenda Tongaren kuona shamba, ati. Mwanamume mzima!

Saa sita Kabiru akaja na pea yake, akaonya tena kuhusu Wilkista, akaacha mfuko uelee tangini hadi joto likalingana, akawaachilia, akarudi kwa wateja wake. Mzee alikuwa ametoka kununua gazeti. Wangui akabaki peke yake, ameshikilia roho mkononi. Wale wawili walikuwa wazuri jamani, wakiyumbayumba pamoja, mmoja mkubwa mmoja mdogo. Walipata dakika tano za amani. Kisha Wilkista akatoka kwenye jiwe lake.

Hakuwauma mara moja. Aliwasukuma kwanza kutoka katikati, halafu kutoka mchangani, halafu kutoka nyuma ya tumbawe, mpaka wakabanana kwenye kona ya juu, karibu na pampu. Hata hapo akawafuata. Yule mdogo akapoteza kipande cha mkia, na Wangui akaona kipande hicho kikielea.

Hapo akashindwa. Alinyakua wavu, akatumbukiza mkono hadi begani, sweta na yote, akaanza kumkimbiza. Samaki akaingia chini ya jiwe. Akamtoa kulia, akatokea kushoto.

"Toka! Wilkista, nasema toka!" alipiga kelele. "Kwani kila kitu ni chako? Jiwe ni lako, mchanga ni wako, hata hii kona ya hawa maskini unaitaka? Miaka tisa! Miaka tisa naosha sufuria zako, sijashika hata mwiko! Nilikukosea nini, mama? Si ungeniacha hata siku moja nisonge huo ugali ukiniona?"

Alisikia gazeti likichakacha. Akageuka. Mzee Mukhisa alikuwa amesimama mlangoni, kofia bado kichwani.

Wangui alitamani ardhi ipasuke. Maji ya chumvi yalikuwa yanamdondoka kwenye sketi na wavu umemning'inia mkononi. Mzee alipita akaelekea nyuma ya nyumba, na Wangui akasikia vitu vikisogezwa stoo, huko sanduku lake lilikowekwa. Basi, imekwisha, aliwaza. Nimemtukana marehemu mbele ya mumewe. Ataenda Bumula, na safari hii atakufa huko, na watu watasema ni mimi.

Mzee alirudi. Hakuwa na sanduku. Alikuwa na beseni mbili na ndoo, tai ameitupia begani, mikono ya shati ameikunja juu ya viwiko.

"Ukimkimbiza hivyo hutamshika," alisema. "Mawe ndiyo yanampa kiburi. Tutoe mawe."

Wakatoa mawe, moja baada ya jingine, wakiyalaza kwenye beseni za maji ya tangi, matumbawe nayo taratibu. Mzee hakutazama pembeni kama kawaida yake. Tangi lilipobaki mchanga mtupu, Wilkista hakuwa na pa kuingia, na mzee akamteka kwa wavu mara moja tu, akamtia ndooni.

"Kuku akizidi kudonoa wenzake, unamfunika na tenga siku nne," alisema. "Akirudi, anakuta wengine wameshajipangia. Huyu naye tumfunike." Alifunika ndoo kwa kitambaa, akapitisha mpira wa hewa. Kisha akabaki ameinama hapo, mkono kwenye ukingo wa ndoo.

"Mama Nelima," alisema, akimwita kwa jina la binti wa Wangui na Hesbon, aliyekuwa shule ya bweni. "Yule rafiki yangu wa Mombasa aliniambia kwa simu. Alisema, huyu mtie mwisho. Mimi nikasema, Wilkista hawezi kuingia mwisho. Kwa hiyo nilijua. Kila samaki uliyemzika kwa mgomba, nilikuwa nakuona dirishani."

Wangui alianza kukamua mkono wa sweta.

"Na kule nyumbani pia nilijua. Unakuja na unga wako, unarudishwa kuosha sufuria. Mimi nimekaa pale kwa kiti nasoma gazeti. Gazeti moja, mama, kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakuna gazeti la kusomwa siku nzima."

Alisema hayo bila kuinua sauti, akaanza kuyarudisha mawe. Alimwachia Wangui achague yakae vipi. Wangui alilipeleka jiwe kubwa ukutani, akayatawanya madogo, akiwa na hasira ambayo hakujua tena aielekeze kwa nani.

Siku nne mzee hakuketi mbele ya tangi. Alikaa kando ya ndoo. Wale wawili wa machungwa wakashuka kutoka kwenye pampu, wakakagua, wakaanza kulala kwenye tumbawe la kati. Jumatano mchana, Hesbon akiwa kazini na Wangui amerudi nyumbani kwa chakula, mzee aliinua ndoo.

"Tumpe jina lingine?" Wangui aliuliza.

"La. Ni Wilkista tu. Lakini leo anaingia wa mwisho."

Akamwachilia. Wilkista alipiga mbio kwenda katikati, jiwe lake halikuwepo. Akawavamia wale wawili. Yule mkubwa akamgeukia, akamsukuma. Akajaribu tena, akasukumwa tena. Alizunguka tangi lote, mwisho akapata kitundu chini ya jiwe dogo la pembeni, akaingia, akabaki anachungulia. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, macho yamemlowa.

Wangui alienda jikoni kusonga ugali wa mchana. Kama kawaida angeuweka kwenye stuli ya sebuleni na kuondoka. Lakini mzee alimfuata. Alivuta kiti cha meza ya jikoni, akakaa, akakunja gazeti mara nne na kulikalia.

"Haya," alisema, akimtazama usoni. "Niambie ya jikoni. Yote."

Wangui alizima gesi, akaketi mbele yake, akaanza na Krismasi ya kwanza.