Aliyemwalika Ndiye Aliyemtaja

Ludmila Hrinko alimwekea rafiki yake Verna nafasi kwenye benchi ukumbini, akawa anageuka kila mlango ulipofunguliwa. Kamati ya wabunge iliyokuwa ikizunguka miji ya viwanda vya chuma kuwasaka wakomunisti ilikuwa imefika Pittsburgh majira yale ya kuchipua ya mwaka 1953, na Ludmila, fundi cherehani, alikuwa ameitwa kuhojiwa kuhusu mikutano ya klabu ya Waslovakia. Hakuogopa sana. Mwanawe Matej alikuwa Korea, ndani ya sare za jeshi la Marekani, akipigana na wakomunisti haohao. Isitoshe, Verna angewaeleza ukweli. Wawili hao walihudhuria pamoja, wakawapikia supu wafanyakazi waliogoma, wakasikiliza hotuba ambazo nusu yake Ludmila hakuielewa.

Verna alikuwa mama wa ubatizo wa Matej. Nyumba zao zilipakana kwa nyuma, na hakuna aliyebisha hodi kwa mwenzake.

Wakili wa kamati alipoita shahidi wa kwanza, Verna Kostelnik aliingia kwa mlango wa pembeni akiwa katikati ya wanaume wawili wenye kofia. Hakutazama benchi. Alieleza kwa sauti kavu kwamba alijiunga na chama cha wakomunisti kwa kutumwa na serikali, na kwa miaka mitano alikuwa akiipelekea habari. Akataja watu. Alipofika kwa Ludmila, wakili aliuliza kama alikuwa akihudhuria.

"Hakukosa hata mkutano mmoja," Verna alisema.

Ni kweli hakukosa, kwa sababu Verna alikuwa akimpitia kila Alhamisi.

Zamu ya Ludmila ilipofika, mwenyekiti alimtaka aseme nani alimwingiza. Akamnyooshea Verna kidole. "Si huyo hapo?"

Watu wakacheka, mwenyekiti akagonga meza. Ludmila akaombwa ataje wengine waliopika supu ile. Alikataa.

Magazeti yakatoa picha yake. Mumewe Ondrej, aliyeendesha kreni kiwandani, akafukuzwa wiki hiyohiyo. Wateja wakaja kuchukua nguo zao zikiwa hazijamalizika, wengine na pini zake. Serikali ikatangaza kwamba itamnyang'anya uraia wa Marekani aliopewa kama mhamiaji.

Verna alikuja siku chache baadaye. Kwa mara ya kwanza alibisha hodi. Alisimama jikoni bila kuvua koti, akaeleza kwamba watu wa serikali walitishia kumrudisha kaka yake Ulaya, na kaka mwenyewe alikuwa na kifua kikuu.

"Ungeninong'oneza tu, dada," Ludmila alisema. "Ningeacha kwenda."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Ludmila aliacha kukanda unga wa pirohi, zile sambusa za kuchemsha za kwao.

"Mikutano ilikuwa imeshakufa," Verna akaendelea, macho sakafuni. "Wazee wanne wanacheza karata. Wale mabwana walitaka habari, Ludka. Ningewapelekea nini? Ilibidi nitafute watu."

"Ukanitafuta mimi."

"Wewe ulikuwa hunikatalii kitu."

Ludmila alimfungulia mlango, Verna akatoka. Tangu hapo mlango ule wa nyuma ukawa unafungwa kwa ufunguo.

Vita viliposimamishwa, Matej akarudi. Verna naye alikuwa stesheni, na kwa kuwa alisimama mbele, ndiye aliyekumbatiwa kwanza. Mama mtu alingoja nyuma huku majirani wakimtazama. Baridi ya milima ya Korea ilikuwa imemla kijana vidole vya mguu, akawa anatembea kwa mkongojo, na hakuna aliyekuwa amemwambia lolote kuhusu kamati.

Wakiwa kwenye tramu, aliuliza mbona mama yake wa ubatizo hakuja nao. Ludmila akamsimulia yote, polepole, hata ile ya wazee wa karata. Ondrej alimshika mkewe bega.

Matej akauliza, kwa sauti ya chini, bila ukali:

"Kwani mama, huko kwenye mikutano mlikuwa mkisema nini hasa?"

Maneno ya Verna mbele ya kamati hayakumchoma Ludmila hivyo. Aliutazama uso wa mwanawe akitafuta utani, akaukosa.

"Tulikuwa tunapika supu," alisema.

Matej aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwitikia afisa, akageukia dirishani.